Washatako na Haya ya Kijito

Thirza Gooch alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mpana wa kiuno, mwenye mikono myekundu ya mtu aliyefua nguo za wenzake maisha yake yote. Kusoma hakujua. Lakini ukimpitisha kwenye mtaro wowote wa kijiji cha Brockfield, kule Suffolk, angekutajia kila jani kwa jina lake, linafaa nini, linadhuru nini, na nani aliwahi kulila kwa ujinga akapatwa na nini. Majina hayo alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kufikiri kwamba yana ubaya wowote.

Kulikuwa na Kikojozi, ua la manjano ambalo ukinywa chai yake jioni, asubuhi utafua shuka. Kulikuwa na Mchi wa Kasisi, unaochomoza wima kutoka kwenye jani lake baridi inapokwisha, na asiyeelewa kwa nini unaitwa hivyo aende akauangalie. Juu ya paa la jiko la Thirza ulitambaa Karibu-Mume-Wangu-Hata-Kama-Umelewa, na marehemu Bwana Gooch, enzi za uhai wake, alikuwa akiuvulia kofia kila alipotoka kilabuni. Na kwenye tope, kando ya kijito kilichopita nyuma ya kanisa, kulikuwa na washatako.

Kwa lugha yao lilikuwa neno moja, arsesmart. Wewe unayemwita mtu smati kwa sababu amenyoosha suruali yake kwa pasi, smati hiyo iweke pembeni kwanza. Kwa Waingereza wa zamani neno hilo lilimaanisha kuchonyota, kama kidonda kilichoingiwa na chumvi, na nusu ya kwanza ya jina ilitaja mahali panapochonyota. Ukiutazama ni mmea usio na makuu: majani membamba, vijiua vya rangi ya waridi vilivyoinama kama vimefiwa. Utafune sasa, uone ulimi wako utakavyowaka. Watu waliutandaza chini ya godoro kufukuza viroboto, na aliyekosea akautandaza juu ya godoro hakukosea mara ya pili. Wachuuzi wasio na huruma walimwekea punda mvivu chini ya mkia, na punda akaisahau safari aliyokuwa akiikataa. Thirza mwenyewe aliuchemsha kwa ajili ya jino linalouma. Jina lilikuwa nusu ya maelekezo, na nusu nyingine ungeipata kwa kuulizia.

Kasisi wa kijiji, Mchungaji Ambrose Tilney, alifika Brockfield mwaka 1865. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, masikio yenye tabia ya kuwa mekundu kabla mwenyewe hajajua kwamba ameona haya. Mahubiri yake yalikuwa mafupi kwa sababu akili yake ilikuwa mitaroni. Alipania kuandika kitabu cha mimea yote ya parokia, na haikumchukua muda kugundua kwamba mimea hiyo ilikwisha andikwa tayari, ila imeandikwa kichwani mwa mfuaji wake wa nguo. Basi kwa misimu miwili ya kiangazi, kila kazi ya kufua ilipokwisha, watu waliwaona wakitembea: Thirza mbele, sketi ameipandisha asiburuze tope, kasisi nyuma na daftari lake na mkebe wa bati wa kutilia majani. Yeye anataja, huyu anaandika. Angalau Thirza aliona kalamu ikitembea.

Alimpenda yule kasisi. Kasisi hakuwahi kumcheka, hakuwahi kumkatiza, na alipojipaka tope usoni hakulifuta mpaka wamalize walichokuwa wakikitazama. Thirza, ambaye hakuwa na kitabu hata kimoja nyumbani, akaanza kusema "kitabu chetu". Shoga yake Keziah Pask, mpishi wa nyumba ya kasisi, alimcheka kwa hilo.

"Kitabu chenu?" Keziah aliuliza. "Na mtoto wenu mtamwita nani?"

"Cheka tu," Thirza akamjibu. "Mama yangu anaingia kitabuni. Wa kwako ameingia wapi?"

Kilichokuwa kizito katika nyumba ile kilikuwa dada yake kasisi. Bi Honoria Tilney alimzidi mdogo wake huyo kwa miaka minane na ndiye aliyemtunzia nyumba. Hakuwa mwanamke mbaya. Aliwapelekea wagonjwa supu, na supu yenyewe ilikuwa na nyama. Lakini kulikuwa na maneno asiyoweza kuyavumilia, na orodha ilikuwa ikirefuka. Kuku katika nyumba yake hakuwa na kidari wala paja. Alikuwa na sehemu nyeupe na sehemu nyeusi. Keziah alifundishwa hivyo siku ya kwanza ya kazi, akaitika ndiyo Bi Tilney, kisha akamwambia Thirza kwamba kuku mwenyewe amekufa uchi kabisa na hakuonekana kujali.

Mwezi wa Agosti mwaka 1868 Bi Honoria aliandaa maonyesho ya maua katika chumba cha shule. Yalikuwa na mafungu kumi ya mashindano, na fungu la saba lilikuwa la mimea ya porini pamoja na majina yake ya kienyeji. Zawadi yake ilikuwa birika la shaba. Birika la Thirza lilikuwa likivuja tangu Pasaka, na hakuna mtu parokia nzima aliyeweza kushindana naye katika fungu hilo, kwa hiyo alianza kulitafutia birika jipya mahali pa kukaa kabla hajalishinda. Mgeni rasmi angekuwa Kanoni Fothergill, ambaye askofu alikuwa akimtuma kukagua parokia za mashambani. Bi Honoria hakulala vizuri wiki nzima kwa ajili yake.

Siku moja kabla ya maonyesho, Thirza alipeleka mimea yake chumba cha shule, mafungu ishirini na manne, kila fungu limefungwa kwa uzi. Kasisi alikuwa ameahidi kuandika vikadi vya majina. Bi Honoria aliipokea mimea mwenyewe, akaipanga kwenye chupa za jamu, akaweka kikadi mbele ya kila mmoja, na akawa mchangamfu mno. Aliuliza kama ni kweli ule mmea wenye vijiua vya waridi unafukuza nzi. Thirza akamwambia ni kweli, nzi na viroboto pia, akampa fungu la ziada. Bi Honoria akashukuru, akaondoka nalo.

Keziah alikuja muda si mrefu na kreti la vikombe. Yeye alijua kusoma, maana alihitaji kusoma vitabu vya mapishi. Thirza akamwomba amsomee vikadi, si kwa sababu alikuwa na shaka, bali kwa sababu alitaka kuyasikia majina ya mama yake yakisomwa kutoka kwenye karatasi. Keziah akainama, akasoma cha kwanza kimoyomoyo, akasoma cha pili.

"Soma basi," Thirza akasema.

"Kitufe cha Dhahabu," Keziah akasoma, akionyesha Kikojozi. "Bwana wa Shambani." Huo ulikuwa Mchi wa Kasisi, umebaki na matunda yake mekundu yenye sumu tu. Karibu-Mume-Wangu uliitwa Nyota ya Paa. Mbele ya washatako kikadi kilisema Haya ya Kijito.

Mwanzoni Thirza alidhani amesimama kwenye meza ya mtu mwingine. Akaitazama mimea tena. Ilikuwa yake, na uzi ulikuwa wake. Mwandiko, Keziah alimthibitishia kwa upole, ulikuwa wa kasisi.

Alimkuta kasisi uani, anapigilia msumari usiohitaji kupigiliwa. Hakumsalimu. Alimuuliza Haya ya Kijito ni nani. Masikio yakawaka. Kasisi akasema ni kwa ajili ya wageni tu, kuna mabinti watakaokuja, kuna Kanoni, na dada yake ameona ni vyema majina yawe laini kidogo. Thirza akauliza kuhusu kitabu. Kasisi akatazama viatu vyake, na Thirza akapata jibu lake. Baadaye kidogo likatoka lote: kitabuni angeweka majina ya Kilatini, yakifuatiwa na hayo laini, na yale halisi angeyaandika pembeni kwa herufi za Kigiriki, wapate kuyasoma wasomi peke yao.

"Mchungaji," Thirza akasema, "mtoto akila Bwana wa Shambani kwa sababu jina lake ni tamu, utamzika kwa Kigiriki?"

Kasisi akaugeukia tena msumari wake.

"Nimetembea na wewe miaka miwili. Nimekupa majina ya mama yangu yote, sikubakisha. Na wewe kumbe ulikuwa unaandika huku unayaonea aibu."

Akaenda zake. Njiani hakulia, ila alimfokea bata wa watu aliyekuwa hana kosa.

Aliapa hatakanyaga kwenye maonyesho. Lakini asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na vitambaa vya meza na leso za chai za kupiga pasi, na kazi aliyoiahidi hakuiacha hata kwa mtu aliyemuudhi. Kwa hiyo saa nne Thirza alikuwa kwenye banda la kufulia nyuma ya nyumba ya kasisi, mlango wazi, pasi mbili zikipokezana kwenye makaa, na kinywa kimefungwa. Hatua ishirini kutoka hapo, mwisho wa bustani, kilikuwa kibanda cha choo, cha mbao, kimezungukwa na mawaridi ya kupanda.

Sasa, kuhusu choo hicho kuna mambo mawili Thirza hakuyajua asubuhi ile, akaja kuyajua baadaye kwa Keziah. La kwanza, fungu lake la washatako lilikuwa limening'inizwa humo, limefungwa utepe wa buluu, na kikadi chake kizuri, kwa ajili ya nzi. La pili lilihusu karatasi. Kila Jumamosi Keziah alikata gazeti la dayosisi vipande vipande na kuvichoma kwenye msumari wa chooni. Asubuhi ile Bi Honoria alipita kukagua, akakuta kipande cha juu kina hotuba ya askofu juu ya usafi wa moyo. Wazo la Kanoni kuitumia hotuba ile kwa kazi ile lilimtia kizunguzungu. Akavitoa vyote akavichoma moto, akikusudia kurudi na karatasi nyeupe laini. Lakini bendi ya matarumbeta ikafika mapema kwa muda wa saa mbili, inadai bia, na karatasi nyeupe laini ikasahaulika.

Kanoni Fothergill naye alikuja mapema. Alikuwa mtu mkubwa wa miaka sitini na kitu, mwenye nyusi kama viwavi wawili na sauti ya kujaza kanisa kuu. Alikuwa amesafiri kwa kigari cha farasi maili kumi na mbili za mashimo, akafika na njaa, na kasisi akampitisha kwenye miti ya plamu. Plamu zilikuwa zimeiva. Thirza aliwaona kwa mbali: kasisi anaeleza jambo, Kanoni anakula. Alikula kwa dakika kumi bila kupumzika. Baada ya nusu saa Thirza alimwona tena, safari hii peke yake, akitembea haraka kuelekea mawaridini.

Thirza alipiga pasi leso sita.

Kisha ikasikika sauti. Haikuwa kilio, wala haikuwa sala, ingawa jina la Mungu lilikuwamo. Mlango wa choo ukafunguka na Kanoni akatoka, uso umekuwa mwekundu kuliko plamu, akitembea kama mtu aliyebana yai katikati ya mapaja na kuambiwa lisivunjike. Alikuwa anaelekea kwenye pampu ya maji. Alipomwona Thirza mlangoni mwa banda akasimama, akajikaza, na akajaribu kuurudisha ukuu wake.

"Mama," alisema, akichagua neno moja moja, "mle ndani kuna majani yamefungwa utepe."

"Majani gani, Mheshimiwa?"

Akafungua kiganja. Kilichobaki kilikuwa kikonyo na vijiua viwili vilivyoinama. Thirza akaiweka pasi chini.

"Umeyafanyia nini?"

Kanoni akatazama mawingu. "Hapakuwa na karatasi."

"Umetumia yote?"

"Nilianza na machache. Yalipoanza kuwasha nikadhani nimejichubua. Nikaongeza mengine ya kupoza."

Thirza hakucheka. Alijisifia jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yake, kwamba wakati ule, mbele ya mzee wa watu aliyekuwa anadunda kwa maumivu, hakucheka. Alimwambia asithubutu kwenda kwenye pampu, maji yangeutembeza moto ufike hata mahali ambapo haujafika. Akamsukuma ndani ya banda, akatundika shuka mbichi kwenye kamba iwe pazia, na akakimbilia jikoni. Mezani kulikuwa na bakuli kubwa la krimu nzito iliyotengwa kwa ajili ya chai ya wageni. Akalibeba. Keziah akamuuliza krimu inakwenda wapi.

"Inakwenda kumhudumia mkubwa wa kanisa," Thirza akasema, na kwa mkono mwingine akachukua beseni.

Keziah akalitazama bakuli, akalitazama beseni, akaamua kwamba ana keki ya kuangalia.

Basi Kanoni Fothergill, mjumbe wa askofu, akakalia beseni la krimu nyuma ya shuka, na Thirza upande wa pili akaendelea kupiga pasi, maana hakuna kitu kingine cha kufanya kwa adabu katika hali kama hiyo. Kisha ukasikika mshusho mrefu wa pumzi, wa mtu ambaye moto umeanza kumwachia.

"Mmea huu unaitwaje?" sauti ikauliza. "Kikadi kilisema Haya ya Kijito."

"Jina hilo lina siku mbili duniani, Mheshimiwa. Jina lake ni washatako."

Beseni likasogea.

"Rudia, mama."

Akarudia.

"Washatako," Kanoni akasema polepole. "Na watu wa hapa wanalijua jina hilo?"

"Hata watoto."

"Kwa hiyo kikadi kingeandikwa hivyo..."

"Usingeugusa bila koleo."

Shuka ikatikisika kidogo. "Nimesoma Kigiriki miaka tisa," Kanoni akasema, "na Kiebrania minne. Katika miaka yote hiyo sikufundishwa neno ambalo ningelihitaji kama hilo asubuhi ya leo." Na hapo akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia chini kabisa, mpaka krimu ikaruka nje ya beseni ikamwagika sakafuni. Thirza naye akashindwa kujizuia. Aliegemea meza akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaunguza leso moja ya Bi Honoria ikabaki na alama ya pasi kama jani.

Machozi yalipoanza kutoka hayakutaka kukoma, na yakabadilika yenyewe. Alijikuta anamweleza mtu asiyemwona, aliyekaa kwenye beseni, habari zote: mama yake, mitaro, daftari, vikadi, herufi za Kigiriki. Alimwambia kwamba mama yake alikufa bila kuacha hata kijiko. Alichoacha ni majina, na kasisi ameyachukua akayavalisha magauni ya kukopa. Alikasirika kwa kulia, akajipangusa kwa kola ya kasisi iliyokuwa inasubiri pasi.

Kanoni hakumpa maneno ya faraja. Aliomba taulo. Alipokwisha kujiweka sawa akatoka nyuma ya shuka, akamshukuru kwa kuinamisha kichwa kama angemshukuru mke wa lodi, na akamwomba awepo chumba cha shule saa nane. Krimu Thirza aliipeleka kwa nguruwe. Wapo watu Brockfield ambao hadi leo wanadai ilirudi mezani. Ni uzushi, nguruwe yule alinenepa.

Saa nane chumba cha shule kilijaa. Thirza alisimama nyuma karibu na mlango pamoja na Keziah, amevaa kofia yake ya kanisani. Bi Honoria alikuwa ameweka jukwaani kiti kilichovikwa mahameli. Alimkaribisha Kanoni mara tatu, na mara tatu Kanoni akasema anapendelea kusimama. Aliyafungua maonyesho akiwa wima, kwa maneno machache kuliko ilivyotarajiwa, kisha akashuka taratibu kwa hatua za upana fulani, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya fungu la saba. Akamwita kasisi amsomee.

Kasisi akasoma Kitufe cha Dhahabu. Akasoma Nyota ya Paa. Alipofika kwenye Haya ya Kijito, Kanoni akainua mkono.

"Jina hili umelipata kwa nani?"

Kasisi akamtazama dada yake. "Tumelitunga," akasema.

"Na watu wenyewe wanauitaje?"

Chumba kizima kilijua wanavyouita. Fundi chuma aliinamisha kichwa, mabega yameanza kumcheza. Bi Honoria akasogea mbele na kusema, kwa sauti yake nyembamba, kwamba humu ndani kuna mabibi.

"Nawaona, Bi Tilney," Kanoni akasema. "Na simwoni hata mmoja aliyekuja bila kiungo kinachotajwa."

Kasisi alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Akainua macho kama mtu anayetafuta dirisha la kutokea, na badala ya dirisha akamwona Thirza pale mlangoni, na kofia yake, haoneshi huruma wala uadui, anasubiri tu.

"Washatako," kasisi akasema. Sauti ilipasuka katikati. Hakuna aliyemwambia arudie, lakini akarudia, safari hii kama mtu anayesoma somo siku ya Pasaka. Watu wakaangua kicheko. Yeye akatoa penseli mfukoni, akageuza kikadi upande wa nyuma, akaandika jina, akakirudisha. Kisha akachukua cha jirani yake. Alifanya hivyo vyote ishirini na vinne, kila kimoja anakiandika na kukitamka kwa sauti. Kwenye Kikojozi mabinti wa mwenye shamba walikumbatiana. Kwenye Mchi wa Kasisi fundi chuma ilibidi atolewe nje. Bi Honoria aliondoka kwenda kuangalia chai, akakuta hakuna krimu, na alipopita chooni akakuta utepe wa buluu peke yake. Mwanamke mwerevu yule, hesabu haikumchukua muda. Alipanda chumbani kwake, na hakuonekana mpaka Jumapili.

Birika, hata hivyo, Thirza hakulipata. Waamuzi walikuwa wamekwisha toa uamuzi asubuhi, na walimpa binti wa daktari, aliyetengeneza msalaba wa majani ya kangaga na kukosea jina la kangaga. Keziah alimwambia shoga yake asihuzunike, ameondoka na heshima.

"Heshima haikai jikoni," Thirza akasema. "Nilitaka birika."

Jumatatu kasisi alikwenda nyumbani kwake. Thirza alimwacha asimame nje ya mlango, ingawa manyunyu yalikuwa yanaanza. Alikuja na daftari. Aliomba radhi, na aliomba vibaya, akizunguka zunguka kwenye mambo ya mchapishaji na hofu na malezi, mpaka Thirza akamkatiza na kumuuliza swali moja: je, alipokuwa akiandika majina yale mitaroni, alikuwa akimcheka?

"Hapana," kasisi akasema. "Hata siku moja. Nilikuwa na furaha. Nikirudi nyumbani ndipo nilipokuwa naogopa."

Thirza alilifikiria hilo. Lilimwingia, kwa sababu naye alimwogopa Bi Honoria kidogo. Lakini hakumwachia hivi hivi. Alimfanya asome daftari zima pale pale kizingitini, kwa sauti, na kila alipoteremsha sauti Keziah, aliyekuwa ndani anamenya viazi, alisema hajasikia. Mpaka walipofika mwisho kasisi alikuwa amelowa chapachapa na majirani watatu walikuwa wametoka kusikiliza. Ndipo Thirza akamwambia aingie anywe chai. Ilichukua muda, birika likivuja.

Kitabu kilitoka masika ya pili. Kanoni Fothergill aliagiza nakala sita, na inasemekana alimpa askofu moja bila kumwonyesha ukurasa. Katika nyumba za wastaarabu wa wilaya kitabu kilikaa sebuleni, na ukikiweka mezani kilijifungua chenyewe mahali pamoja. Bi Honoria hakulitamka neno lile hadi anaingia kaburini. Alipouhitaji mmea wenyewe kwa ajili ya magodoro, alimpeleka Keziah kando ya kijito, akaelekeza kwa ncha ya mwavuli, akageukia upande wa pili.

Nakala ya Thirza aliletewa na kasisi mwenyewe. Keziah akamsomea siku hiyo hiyo, ukurasa baada ya ukurasa, na jina la mama yake lilikuwamo, Mercy Runnacles, limeandikwa kwa herufi za kawaida kila mtu aweze kusoma. Thirza alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kisha akamwambia Keziah arudi kwenye ukurasa wa washatako, asome tena pale pa kuvuna.

"Huchumwa kabla ya kuchanua," Keziah akasoma.

"Mimi nilisema unapoanza kuchanua. Kabla ya hapo hauna nguvu hata ya kumwamsha kiroboto." Thirza alikuwa amekwisha simama na kutafuta viatu vyake vya tope. "Mwambie aje na penseli. Na mwambie avae mabuti, kijito kimejaa."